Sita Mbele, Sita Nyuma

730418291658.

Ninaweza kuitaja namba hii nikichambua maharagwe, nikipanda na bidoni ya maji juu ya mawe ya volkano, hata nikiwa na homa. Inagawanyika kwa mbili, kwa tisa, kwa kumi na moja na kwa kumi na tisa. Ukiigawa kwa saba inabakiza sita. Kwa kumi na tatu inabakiza tatu. Ukishaiondolea mbili, tisa, kumi na moja na kumi na tisa, linabaki fungu la 194156909, na hilo nililijaribu kwa ishirini na tatu, ishirini na tisa, thelathini na moja na thelathini na saba. Lilikataa zote. Hapo niliweka kalamu chini. Najua mambo mengi ya namba hii kuliko mambo ya mtoto aliyepewa, na mtoto huyo ni Kambale, mdogo wangu, niliyemlea mgongoni.

Ninyi mliokalia viti vyetu katika biro, ofisi ya kutafuta watoto waliopotea, mwenzenu Espérance ameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya mashine. Nimekubali. Lakini msitegemee mambo ya kujivunia. Nilifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, sikukosa siku ila za kuumwa na za risasi, na kitu kimoja nilichokwenda kukitafuta pale sikukipata, ingawa kilikuwa hatua sita kutoka kiti changu.

Nianze na kazi yenyewe.

Mtoto akiokotwa njiani bila mtu wake, watu wa hema la mapokezi walimpa namba ya tarakimu kumi na mbili. Waliiandika kwenye kipande cha karto kilichokatwa kutoka maboksi ya sabuni, wakatoboa tundu, wakapitisha kamba, wakamvika shingoni. Karto lilikuwa dogo, halikutosha tarakimu zote upande mmoja. Kwa hiyo waliandika sita mbele na sita nyuma. Fundo la kamba lilikaa upande wa mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu: anzia penye fundo. Kila mtu wa biro aliijua, na kwa sababu kila mtu aliijua, haikuandikwa popote.

Kisha karatasi zilitoka kwenye mahema zikaja kwetu Goma, zimelowa, zimekunjwa, nyingine zimefungiwa karanga, nasi tukazinakili kwenye rejista kubwa. Wawili wawili: mmoja anasoma, mwingine anaandika. Tulisoma kwa Kifaransa, mbili mbili, septante-trois, zéro quatre, dix-huit, yaani 73, 04, 18, bila haraka, kama padri anayesoma majina ya marehemu. Saba ilipaswa kuvaa mkanda tumboni. Moja haikuruhusiwa kuvaa kofia, maana moja yenye kofia hujifanya saba. Ukiwa na njaa usinakili. Nilinakili na njaa siku moja nikaandika sifuri tatu mahali pa mbili, wala sikuhakiki, na mama mmoja wa Sake akazungushwa mwezi mzima kwa ajili ya tumbo langu.

Aliyenifundisha haya ni Muzee Bizimana, mwalimu wa hesabu aliyekimbia shule yake huko Rutshuru akiwa na chaki mfukoni. Chaki ile aliitunza miaka yote. Yeye ndiye aliyetunga namba zenyewe, na aliziwekea mlinzi. Tarakimu kumi za kwanza zilichaguliwa bila mpangilio, zisiseme hema wala siku ya mtoto. Mbili za mwisho alizichagua yeye ili namba nzima igawanyike kwa tisini na tisa. Namba isiyogawanyika ina kosa. Inayogawanyika ni nzima.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza nilifika darasa la ngapi.

“La sita, muzee. Sikumaliza.”

“Basi unajua kujumlisha. Wenye diplome wamesahau.”

Akanionyesha njia, nanyi ishikeni, maana umeme wa mji huu mnaujua. Usigawanye. Ikate namba mbili mbili, ujumlishe. Yangu hii: 73, 04, 18, 29, 16, 58. Jumla ni 198, yaani tisini na tisa mara mbili. Ni nzima. Ukikosea tarakimu moja, yoyote ile, jumla inaharibika, utalijua kosa. Ukigeuza 73 kuwa 37, jumla inakuwa 162, unajua mkono umeteleza. Muzee alisema tisa ni mlinzi mwema lakini kipofu wa mpangilio, ndiyo maana alimwoza kwa kumi na moja, anayeona majirani wakibadilishana nyumba. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema kila chujio lina matundu, na hili alilichagua kwa sababu mtu anaweza kulitumia akiwa amesimama foleni ya maji.

Tulilipenda mno. Tulijumlisha namba za magari, za mifuko ya unga, za nyumba. Paluku, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, alikuwa akinitania nyumbani kwamba nikiolewa nitamkata bwana mbili mbili nione kama ni mzima.

Na kuna yule papa, baba mmoja wa Masisi. Alikuja na namba ya binti yake, nikaijumlisha, haikukubali. Nikamwambia kwa adabu: papa, namba yako haigawanyiki. Alinitazama, akavua kofia, akaikunja.

“Unaniambia mutoto yangu hagawanyike? Mimi nilizaa mutoto, sikuzaa mukate.”

Biro nzima ilicheka, na yeye mwisho akacheka. Lakini kwa sababu namba ilikataa, tulijua kuna kosa, tukalitafuta. Tulijaribu kila tarakimu, tukageuza kila jirani na jirani yake, na siku ya tatu tukampata binti katika kituo kimoja, ana afya, anapigana na wenzake. Kumbukeni hilo. Namba mbaya ilimpatia papa mtoto wake. Yangu ilikuwa nzuri.

Mimi ni Masika, mtoto wa kwanza wa baba na mama waliotoka Butembo kutafuta shamba karibu na Kiwanja. Baba alikufa kwa ajali ya lori. Mama alikufa Kambale akiwa na mwaka mmoja, nami ndipo nilipoacha shule. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuamua, asubuhi nilimbeba mtoto, mchana nilikuwa bado nimembeba, na daftari lilikuwa limekaa pale pale. Kambale hakusema mama. Alisema yaya, yaani dada mkubwa.

Siku ya kukimbia vita alikuwa na miaka minne. Tulitembea na umati, mimi, Paluku na yeye, na miguu yake ikavimba. Lori lilipita limejaa, na juu yake alikuwepo jirani yetu, Mama Kahambu, akanyoosha mikono. Nilimpandisha mtoto. Nilimwambia tutaonana mbele. Hakulia, alishika pindo la kitenge cha Mama Kahambu na kunitazama kama mtu anayesikiliza maelekezo.

Miezi mitano baadaye nilimkuta Mama Kahambu sokoni Goma. Yeye alikuwa ameugua njiani, akalazwa, na kabla ya kulazwa alimkabidhi mtoto kwa watu wa hema. Wakamvika karto. Mama Kahambu hajui kusoma, lakini ni mtu mwenye akili: aliomba aandikiwe ile namba, akaishonea ndani ya pindo la kitenge. Alilifumua pindo mbele yangu, akanipa karatasi ndogo kama tiketi. 730418291658.

Nilikwenda nayo biro. Hapakuwa na faili yenye namba hiyo. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa yake, na kwa muda wa wiki tatu, hadi Muzee Bizimana akagundua kwamba nasema namba za watu wote walio mbele yangu kwenye foleni bila kutazama karatasi zao. Ndivyo nilivyopata kazi. Niliipokea kwa furaha ambayo sasa inanitia aibu: nilidhani nimepewa ufunguo wa nyumba alimo.

Jambo la kwanza alilofanya Muzee ni kuijumlisha namba yangu. 198. Akaijumlisha tena, akavua miwani.

“Namba ni nzima, mutoto wangu. Basi kilichopotea ni faili.”

Na kweli, lori moja la makaratasi kutoka upande ule lilikuwa limeungua. Tukasema faili ya Kambale iliungua humo. Hakuna aliyekuwa na shaka. Angalieni jinsi jambo lilivyofungwa: kama namba ingekuwa na kosa, sheria ilikuwa tulitafute kosa, tumrudie aliyeileta, tumuulize aliiandika vipi na wapi. Kwa kuwa ilikuwa nzima, sheria ilikuwa tungoje. Nami niliingoja sheria.

Mtaniuliza kwa nini sikutafuta kwa jina. Ninyi mnaotoka Butembo na Beni mnajua, na wengine niwaambie: kwetu Wanande mvulana wa pili ni Kambale, karibu katika kila nyumba. Mtoto wa miaka minne anajua Kambale, basi. Kwenye rejista zetu kulikuwa na kurasa nzima za “Kambale, mvulana, miaka minne au mitano”. Na ilikatazwa kufungua faili bila namba, kwa sababu walikuja watu wenye maneno matamu wakitaka watoto wasio wao, wa kuchunga mifugo na wa kubeba mizigo. Sheria ile ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe niliitetea mbele ya akina mama waliolia. Ningewezaje kuivunja kwa ajili yangu? Nilikuwa na ufunguo wa kabati. Sikufungua.

Badala yake nilikaa na namba. Wakati wa chakula nilikuwa naigawa kwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe, nikizifuata moja baada ya nyingine kama mtu anayebisha milango ya mtaa. Nilipofika kumi na tisa mlango ukafunguka. Haikubakiza kitu. Mtacheka, na mcheke: nilijiaminisha kwamba mwaka Kambale atakapotimiza miaka kumi na tisa, atarudi. Nilimwambia Muzee. Alikuwa mzee sana wakati huo. Alisema kumi na tisa haijui mtu. Alisema namba haina habari nje ya yenyewe. Nilimkasirikia siku mbili.

Mwaka huo wa kumi na tisa ulipofika nilinunua shati la kijana, nikalitundika. Mwishowe Paluku alilivaa, nami sikumkataza.

Muzee Bizimana alipokuwa karibu kuacha kazi, alilalamika juu ya karto. Alisema tangu mwanzo aliomba tarakimu ziandikwe tano mbele na saba nyuma, wale wa mahema wakaona sita kwa sita inapendeza zaidi. Nilimuuliza kuna tofauti gani. Alisema, kamba hukatika. Kisha chai yake ikaletwa, tukaongea mambo ya goti lake. Nimeirudia siku hiyo mara nyingi. Aliniwekea jibu mkononi nikalishika kama kikombe kitupu.

Kulikuwa na kazi moja ya kila mwaka ambayo hakuna aliyeipenda, nami nikaichukua kwa sababu mimi ni mkubwa nyumbani na nimezoea kuchukua. Tulipitia majalada ya faili za watoto waliokaa kwa familia za kuwapokea, bila kuyafungua, tukalinganisha namba zilizo juu yake na zilizoletwa na ndugu. Namba isiyoletwa na mtu, unaandika kwenye jalada la faili: Hakuna aliyeuliza. Unaweka herufi zako. Wafanyakazi wa gari huchukua orodha na kuwasomea watoto vijijini, maana tuliona ni haki wajue. Baada ya mara saba, faili inafungwa.

Nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliandika maneno yale mawili mara elfu na zaidi.

Sasa nije mwaka jana. Macho yangu yalikuwa yameanza kukataa, na biro ikaleta mashine ya kupiga picha makaratasi yote ya zamani. Espérance aliwekwa nami. Alikuwa na sanduku la karto zilizorudishwa, nyingine zimeliwa na mende, akiziingiza moja moja. Alikuwa akiimba kidogo, kisha akainua moja.

“Mama Masika, hii haina kamba. Nianzie upande gani?”

“Upande wa fundo.”

“Fundo haiko, mama. Njo maana nakuuliza.”

Nilimwambia ajumlishe, atajua. Alijumlisha akianzia upande mmoja, ikakubali. Akajumlisha akianzia upande wa pili, ikakubali. Akanitazama akingoja. Alikuwa hajui ameuliza nini.

Kujumlisha hakujui nani ametangulia. Mtoto wa darasa la pili anajua hilo. Sita za mbele ukizipeleka nyuma, jozi ni zile zile, jumla ni ile ile. Tisa haioni, kumi na moja haioni, wala saba na kumi na tatu nilizozisumbua miaka yote hazioni. Hata Muzee alijua, ndiyo maana alitaka tano na saba, ili karto lenyewe liseme. Sisi wa biro hatukuhitaji kuambiwa, tulikuwa na fundo. Haikutuingia akilini kwamba nje ya biro mtu anaweza kulishika karto na kuanzia nyuma.

Nilichukua biki. Nilikata namba yangu katikati, nikaandika nusu ya pili kwanza.

291658730418.

Niliigawa kwa kumi na tisa kabla ya kitu kingine chochote. Ilibakiza kumi na tatu. Nikajua kwamba kumi na tisa haikuwa yake kamwe.

Nilikwenda kabatini. Hatua sita, nimezihesabu baadaye. Faili ilikuwepo. Haikuungua, haikulowa. Kambale, mvulana, miaka minne, alikabidhiwa na mama mgonjwa, miguu imevimba, anamtaja yaya. Amepelekwa kwa familia ya kumpokea, Vitshumbi, kwenye ziwa Edward. Na juu ya jalada, mstari chini ya mstari, mara saba: Hakuna aliyeuliza. Mwandiko mzuri, ulionyooka. Herufi zangu.

Espérance aliniletea maji.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Kahambu. Sasa ni kikongwe, anakaa kwa mjukuu wake. Nilimuuliza ile namba iliandikwa vipi. Alieleza bila kufikiri, kama jambo la jana.

“Kijana wa pale njo aliniandikia. Karto ilikuwa inalala kwa kifua ya mutoto, akaandika yenye aliona, kiisha akageuza.”

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Hukuniulizaka. Uliniuliza namba, nikakupa.”

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alinikaribisha ugali.

Tulikwenda Vitshumbi mimi na Paluku, njia ilipofunguka. Mama aliyempokea Kambale anaitwa Mama Kavira, anakausha samaki wa chumvi, mikono yake imepasuka yote. Nilipojitaja aliendelea kupanga samaki kwa muda, kisha akanawa, akatuwekea viti. Alimlea vizuri. Nilimtazama nikaona hivyo, na nilitamani nisione, maana ningepata wa kumlaumu.

Alituambia kwamba gari la biro lilikuwa linakuja mara moja kwa mwaka, na mtoto alikuwa akilisikia kutoka mbali. Alikimbia wa kwanza, karto likimpiga kifuani, akijitaja kwa namba yake yote bila kukosea, akauliza kama wamemuuliza. Mtu wa gari alifungua orodha, akatafuta, akasema hapana. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Mwaka wa saba alirudi akitembea. Alilivua karto akalitundika kwenye msumari.

Niliuliza alisema nini juu yangu.

“Alisema ana yaya, na yaya atakuja. Mimi nikamwambia pengine yaya yako alikufa. Nilisema vile juu asikuchukie.”

“Alikubali?”

“Hapana. Alisema, yaya hawezi kufa, ni vile tu hajaniuliza.”

Paluku alitoka nje. Mimi nilibaki, kwa kuwa mtu mmoja alipaswa kubaki.

Alipokuwa na miaka kumi na saba hivi, alipanda lori la samaki kwenda Bunagana, akavuka mpaka. Aliaga vizuri, akamwachia Mama Kavira nyavu mbili alizozisuka. Hakuwahi kurudi wala kutuma neno. Ni zaidi ya miaka ishirini. Huko hana namba. Hakuna hema lililomwandika, hakuna rejista ninayoweza kuifungua, na kama ana watoto, mvulana wa pili bila shaka ni Kambale.

Mama Kavira aliondoa karto kwenye msumari, akanipa. Kamba bado iko. Fundo liko juu ya 291658, pale linapopaswa kuwa. Kila kitu kilifanywa sawasawa.

Nimeuliza Bunagana. Wenye malori wa siku zile wamekufa au wamehama. Nimeuliza kwa wachuuzi wa samaki wanaoshuka Goma, nimekwenda hadi Kituku, ingawa najua samaki wa pale ni wa ziwa jingine, kwa sababu wavuvi huhama. Wananisikiliza kwa heshima. Wananiuliza sura yake. Nawaambia ya mtoto wa miaka minne, na hapo wanatazama chini.

Siku ya kuacha kazi mlinikatia keki, na shefu, mkubwa wa biro, alisema maneno mazuri. Mimi niliomba jambo moja. Niliomba faili 291658730418 iandikwe kwamba ameulizwa. Yule kijana wa mashine alijaribu, namwamini, alijaribu mbele yangu. Mashine ilisema faili imefungwa, haipokei neno. Basi Espérance alikwenda kwenye maboksi yaliyokuwa yameshafungwa kwa utepe wa scotch kungojea kupelekwa depo, kwenye ghala, akalipasua moja, akanitolea jalada la zamani, akanipa biki yake. Niliandika chini ya ile mistari saba. Mwandiko haukuwa mzuri tena. Macho, na mkono. Ameulizwa. Masika, yaya wake. Kisha tukalirudisha, na boksi likapelekwa mahali ambapo hakuna mtu atakayelisoma.

Sitawaambia kazi hii ni nzuri. Sijui kama ni nzuri. Nimewapa wengi watoto wao, nao walicheza uani kwetu juu ya mawe meusi wakingoja, nami niliwatazama nikijumlisha. Nawaambia tu haya machache. Andikeni tano mbele na saba nyuma. Namba ikikubali, muulizeni tena aliyeileta, aliiandika akiwa amesimama wapi. Msiogope kufungua kabati mara moja bila ruhusa katika maisha yenu. Na maneno yale mawili, msiyaandike tena juu ya mtoto yeyote. Andikeni kwamba hatujaona, maana hatukuwa tumeona.

Na kama siku moja mtu mzima, mwanaume, miaka arobaini hivi au zaidi, atasimama mlangoni kwenu na kutaja namba kichwani, asiitafute mfukoni, muache amalize. Akianzia 291658, ni yeye. Akianzia 730418, ni yeye. Msijumlishe kitu. Mwambieni kwamba aliulizwa, kila siku ya kazi, kwa miaka thelathini, kwa namba iliyogeuzwa, na kwamba aliyeuliza anakaa Goma, hajahama, na mlango wake kila mtu wa biro anaujua.